Ukuta wa chumba cha chini una ufa umelala toka kona hadi kona, fundi anataka kupiga plasta juu yake tu. Wazoefu wa ujenzi wa milimani naombeni ushauri (Kigoma)

bangwe_juu

Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja.

Tuna nyumba ya familia hapa Kigoma, Bangwe kule juu upande unaotazama ziwa. Mzee aliijenga miaka ya tisini na mnaoujua huu mji mnajua viwanja vyetu vilivyo, mlima ulikatwa nyumba ikakaa kwenye ule mkato, kwahiyo ukiwa mbele unaona ghorofa moja ukizunguka nyuma unaona nyumba ya kawaida tu ya chini. Sasa huko chini kuna chumba kikubwa, zamani ilikuwa stoo ya nyavu na madumu ya mawese, siku hizi wanalala vijana. Ukuta wake wa nyuma ndo unashikilia mlima wenyewe, ni tofali za saruji inji sita zimelazwa, hakuna nguzo hata moja katikati.

Huo ukuta una ufa. Sio wa kusimama, umelala, unafuata mstari wa udongo wa kujengea kwenye kozi ya saba hivi kutoka chini, umetoka kona moja mpaka karibu na kona nyingine. Pale mwishoni unapanda kwa ngazi ngazi. Masika iliyopita ulikuwa unatoa maji kabisa, sahivi kiangazi umekauka ila kuna unga mweupe umetapakaa ukuta mzima na harufu ya unyevu haiishi, mdogo wangu kifua kinambana kila akilala humo.

Fundi wa mtaani kaja kaangalia dakika mbili akasema tubandue plasta yote, tupige wavu wa kuku, tupige plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, kazi imeisha, laki nane na ufundi ndani. Mimi roho inasita. Kwenye YouTube naona wazungu wanachoma sindano za epoksi (ile gundi ngumu) kwenye ufa. Nifuate lipi?

Ngoja Waje

Nimekaa pale kwenye kiti cha mbele nasubiri wataalamu. Ila laki nane ya kupaka poda mgonjwa mmh

Kasulu Kwetu

Mkuu hilo ni tetemeko, wala usisumbuke. Kigoma yote imekaa kwenye bonde la ufa. Lile la desemba 2005 lilikuwa 6.8 katikati ya ziwa upande wa Kongo, nyumba kibao zilipata nyufa watu wakazoea kuishi nazo. Ziba tu maisha yaendelee.

Fundi Timazi

Kasulu Kwetu, la 2005 nalikumbuka vizuri na ni kweli lilikuwa kubwa, ila tetemeko halipasui ukuta kwa staili hiyo. Likitikisa nyumba isiyo na mkanda unaona nyufa zimepishana kama herufi X kati ya dirisha na dirisha, au kona za juu zimeachana. Ufa uliolala katikati ya ukuta wenye udongo nyuma yake ni kesi nyingine kabisa, huo ukuta unasukumwa.

Mtoa mada kabla sijasema kitu nijibu haya.

Ukuta una urefu gani kwenda juu, na udongo wa nyuma umefika wapi? Ufa ni mili ngapi? Chukua rula usikadirie kwa jicho. Afu vuta kamba toka kona mpaka kona ikiwa imebanwa kwa vipande viwili vya mbao vilivyo sawa unene, pima katikati uone ukuta umetoka tumbo kiasi gani. Maji ya bati la nyuma yanaanguka wapi, gata lipo? Na huko juu mlimani nyuma yako kuna nani, ana choo na bafu upande gani?

Halafu pima unyevu. Kata kipande cha nailoni nyeupe, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, kiache mpaka kesho yake. Maji yakijikusanya nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, basi yanatoka kwenye udongo. Yakijikusanya mbele upande wa chumba hiyo ni hewa ya humo ndani tu, vijana wengi dirisha dogo.

bangwe_juu

Nimefanya yote mzee wangu.

Ukuta mita 2 na nukta 2, udongo nyuma umefika juu kabisa usawa wa sakafu ya juu. Ufa mili 4 sehemu pana kuliko zote, pembeni unapungua mpaka mili 1. Tumbo kwenye kamba mili 18. Nailoni imelowa upande wa ukuta, na hapa ni mwezi wa nane mvua hakuna tangu mwezi wa tano!! Hiyo ndo imenishtua.

Gata lipo upande wa mbele tu, nyuma mzee hakuweka. Jirani wa juu bafu lake lipo huku kwetu, maji yake sijui yanaishia wapi kwa kweli.

Fundi Timazi

Sasa tunaongea. Nivumilie nitaandika ndefu.

Ukuta unaozuia udongo mkavu una kazi, ukuta unaozuia udongo uliolowa una kazi nyingine kabisa. Maji yanasukuma kwa kina chake, ukishuka mita moja ni tani moja kwa kila mita ya mraba, ukishuka mita mbili ni tani mbili. Sasa piga hesabu ya ukuta wako, mita 2.2, udongo wa nyuma ukijaa maji mpaka juu basi kila mita moja ya urefu wa ukuta inasukumwa na karibu tani mbili na nusu, na hayo ni maji peke yake bado udongo wenyewe. Tofali ukiikandamiza toka juu inavumilia sana, lakini ukiisukuma toka ubavuni kitu kinachoshika ni ule udongo wa saruji wa kati ya kozi na kozi basi, ndo maana unaachia pale pale kwenye mstari, maeneo ya katikati ambako ukuta unajipinda zaidi. Hivyo vingazi vya pembeni ni kwasababu kona imeshikwa na ukuta wa pili haiwezi kusogea, katikati inasogea, inabidi ichanike mahali.

Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba inakwenda pia kinyume. Ukishusha maji yafike nusu tu ya ukuta, msukumo wa maji haubaki nusu, unabaki robo. Ukiyatoa yote haubaki kabisa. Ndo maana mimi kwenye kazi za hivi sianzi na ufa, naanza na koleo huko nyuma.

Na maji yako yapo ya aina mbili. La kwanza bati, chukua upande wa nyuma una mita za mraba 50, mvua kubwa ya mili 50 ya siku moja, hizo ni lita 2,500 unazimwaga mguuni kwa ukuta huo huo. La pili ni hilo la kiangazi. Mwezi wa nane ukuta hauwezi kulowa kwa mvua ya mwezi wa nne kwenye mlima ulioinama hivyo. Ni bafu, au karo, au bomba linavuja. Anza na bomba lenu, funga koki zote za ndani usiku angalia mita, asubuhi angalia tena, ikiwa imesogea chimbua. Ikiwa haijasogea nenda kaongee na jirani kwa upole.

Ile plasta ya wavu sikatai kwamba itapendeza. Itapendeza mpaka masika.

Zege Mbichi

Mzee Timazi unamtisha mtu bure. Mimi nina chumba cha hivyo hivyo Mwanga hapa hapa Kigoma, nilipaka lami ya moto kwa ndani makoti mawili nikapiga plasta juu yake nikamaliza, mwaka wa ngapi huu. Na kama anataka maji yatoke si atoboe matundu kwenye ukuta achomeke vibomba vya inji mbili kama kuta zote za kuzuia udongo barabarani zilivyo?

Fundi Timazi

Zege Mbichi kwako ukuta una udongo mpaka wapi? Maana kama umefika magotini lami ya ndani itakaa. Lami inakaa vizuri maji yakiwa yanaikandamizia ukutani, yani ukiipaka upande wa nje yalipo maji. Ukiipaka ndani maji yanatokea nyuma yake yanaibandua, unaona malengelenge halafu plasta yote inashuka chini kipande kizima. Kwa ndani kama huna jinsi tumia ile ya unga wa saruji inayoingia ndani ya vitundu vya ukuta, nayo ni ya kusaidia tu.

Matundu ni sahihi kabisa kwa ukuta wa barabarani, maji yanatoka yanaenda kwenye mtaro. Kwa mwenzako yatatoka yaende kitandani kwa vijana.

Ngoja Waje

😂😂😂 kitandani kwa vijana

Mha wa Ughaibuni

Ndugu zangu amani kwenu. Mimi nipo Marekani, Ohio, huku nyumba karibu zote zina andagraundi, nimefanya na kampuni za kukarabati hizo kuta kwahiyo niseme kidogo kuhusu hizo video.

Kwanza mjue kwanini wanachimba. Huku baridi inagandisha ardhi, udongo ukiganda unavimba unanyanyua msingi, kwahiyo msingi lazima ushuke chini kuliko pale barafu inapofika, na ukishachimba hivyo unaona bora utengeneze chumba. Sisi Kigoma tunapata chumba cha chini kwasababu ya mlima. Ni vitu viwili tofauti ingawa ukuta unapasuka kwa sababu ileile.

Epoksi unayoiona mtoa mada ni ya ukuta wa zege lililomwagwa, kitu kizima kisicho na maungio. Wanabandika vichomeo kila sentimita 20 mpaka 30, wanaziba uso wa ufa, wanaanza kusukuma dawa kutoka kichomeo cha chini, ikitokea kwenye cha juu yake wanahamia hicho, hivyo hivyo mpaka juu. Ikikauka ina nguvu kuliko zege lenyewe. Na hapo ndo penye utata, kama ukuta bado unasukumwa hautapasuka tena pale ulipozibwa, utapasuka sentimita chache pembeni. Ufa unaovuja maji wanatumia poliyurethani, ile inavimba ikikutana na maji na inabaki laini kidogo kama mpira, ila hiyo inaziba maji tu haiungi ukuta.

Ukuta wa tofali kama wako epoksi haina maana. Itapotelea kwenye maungio na vitundu utanunua makopo mpaka ufilisike. Huku ukuta wa bloku ukitoka tumbo kidogo wanabandika mikanda ya nyuzi za kaboni kutoka juu mpaka chini, ukizidi inji mbili mikanda haitoshi wanaweka nguzo za chuma au wanauvuta kwa vyuma vilivyozikwa mbali kwenye udongo. Mili 18 zako hazijafika huko, mshukuru Mungu.

Kitu kimoja nawaonea wivu. Huku sehemu nyingi ni tambarare, maji yakishakusanywa chini ya msingi hayana pa kwenda lazima pampu iyanyanyue, umeme ukikatika na mvua inanyesha ndo unaogelea. Bangwe una mteremko wa bure, bomba linazunguka nyumba linatokea upande wa chini lenyewe.

Mama Naima KGM

Samahani jamani niingilie kidogo kabla hamjamaliza. Mimi sina chumba cha chini, nipo Katubuka nyumba ya kawaida, ila nina ufa umeanzia kona ya juu ya dirisha unapanda kwa mshazari kwenda kona ya nyumba, juu ni mpana chini mwembamba. Huo nao ni wa kusukumwa?

Mnyamwezi wa Ng'ambo

Mama Naima ngoja wa Kigoma wakujibu, mimi niwape ya huku Tabora maana watu wanasoma uzi kama huu halafu wanaenda kufanya hivyo hivyo sehemu isiyohusika.

Huku hatuna milima ya kukata, tatizo letu ni udongo. Sehemu za juu juu zenye mchanga mwekundu nyumba zinakaa bila shida, lakini ukishuka kuelekea kwenye mbuga unakuta ule udongo mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa kuku unaingia, masika unavimba unabeba nyumba. Ufa wa huku unafunguka mwezi wa tisa na kujifunga mwezi wa pili wenyewe!! Ukiuziba kiangazi kwa saruji ngumu masika hauna pa kujifunga unasukuma kwingine. Na miembe yetu, mtu ana mwembe wa babu mita tatu kutoka ukutani, kiangazi unanyonya maji yote chini ya kona hiyo, kona inashuka.

Dawa ya huku ni kuhakikisha unyevu chini ya nyumba haubadiliki badiliki. Unazungusha sakafu ya zege pembeni ya nyumba upana wa mita moja au zaidi imeinamia nje, maji ya bati unayapeleka mbali, hupandi mti mpya karibu. Na ukitaka kukata mwembe mkubwa wa zamani usiukate wote siku moja kwenye udongo huo, maji yatarudi kwa ghafla udongo uvimbe, pogoa kidogo kidogo.

Kujua una udongo gani chukua chupa ya plastiki, jaza udongo theluthi, maji mpaka juu, tikisa sana uache. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika, vumbi laini linafuata baada ya masaa, mfinyanzi unabaki unaelea mpaka kesho.

Fundi Timazi

Ahsante Mnyamwezi, hiyo ya mwembe watu wengi hawaijui.

Mama Naima, wako hausukumwi, kona yako inazama. Ufa ukiwa mpana juu na mwembamba chini maana yake kona imeshuka na kuegemea nje. Zunguka uone hapo kwenye kona kuna nini, mara nyingi utakuta gata linamwaga hapo hapo, au karo lilichimbwa karibu, au msingi ulijengwa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa. Weka alama kwanza, gundisha kipande cha kioo chembamba kwa jipsamu kikatize ufa, andika tarehe kwa penseli. Kioo kikikatika nyumba bado inatembea. Kikikaa mzima masika na kiangazi, ziba uishi zako.

Kama bado inazama ndo tunachimba chini ya msingi tunaongeza zege. Na hapo mama usikubali fundi achimbe kona nzima siku moja, nakuomba. Ni vipande vya mita moja moja, na unaruka, unachimba cha kwanza na cha nne, unamwaga, unaacha likomae, ndo unarudi cha pili. Zege jipya linaishia chini kidogo ya msingi wa zamani, ule upenyo unakuja kuujaza kwa saruji na mchanga mkavu mkavu unaugongelea kwa mti mpaka ushibe, maana zege likikauka linasinyaa linaacha nafasi.

Mama Naima KGM

Gata linamwaga pale pale 🙈 Ahsante sana baba, nianze na hilo.

bangwe_juu

Apdeti wakuu. Mita ya maji haijasogea, bomba letu zima. Nimemfuata jirani, ni mzee mstaarabu tu, kumbe bomba la bafu lake linaishia kwenye shimo la mawe alilochimba zamani, limejaa matope halinyonyi tena, maji yanatafuta njia ya chini chini yanakuja kwangu. Amekubali tuhamishe shimo liende upande wa njia, mimi natoa bomba yeye anatoa nguvukazi.

Sasa nataka kuanza kuchimba nyuma ya ukuta. Nina vijana wanne na mvua bado. Tuchimbe wote kwa pamoja tumalize haraka?

Fundi Timazi

SUBIRI. Hapana.

Mfereji wa mita mbili kwenye udongo uliolowa unaua mtu. Ukishazidi mita moja na nusu kama hujalaza kingo zake kwa mshazari au kuweka mbao na mirunda ya kuzuia, usimuingize mtoto wa mtu humo. Kijana akifukiwa mpaka kifuani tu hapumui, na koleo haiwahi. Udongo unaotoa utupe mbali usiulundike ukingoni.

Kabla ya koleo la kwanza, ndani ya chumba egemeza ukuta. Mbao pana imelala usawa wa ufa, mirunda imekaa kwa mshazari kutoka sakafuni, kabari zimegongwa taratibu, usigonge kwa kutaka kurudisha ukuta, hautarudi utauvunja. Vijana walale kwingine mpaka kazi iishe.

Chimba kwa vipande toka upande mmoja. Shuka mpaka usawa wa sakafu ya chumba au chini yake kidogo, usivuke chini ya msingi, ukivuka unaukata miguu. Safisha ukuta kwa nje kwa brashi ya chuma, ziba maungio yaliyoachia, plasta ya saruji moja mchanga tatu yenye dawa ya kuzuia maji, imwagilie siku saba isikauke ghafla, ikishakauka ndo lami makoti mawili. Juu yake nailoni ya geji 1000 ili kokoto zisichane lami.

Chini lala bomba la inji nne lenye matundu, liiname sentimita moja kila mita, zaidi ni sawa pungufu hapana. Chini yake na juu yake kokoto za robo tatu inji zilizooshwa, panda nazo mpaka karibu juu kabisa ukutani upana wa futi moja, zifunikwe na kile kitambaa cha jiotekstaili ili udongo usiingie kuziba. Ukikosa kitambaa tenganisha kwa mchanga mkubwa wa mtoni. Sentimita 30 za mwisho weka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa kwa mkono umeinamia mbali na nyumba, juu ya mlima jenga mtaro wa kukinga maji ya juu yasifike hapo kabisa. Na gata la nyuma, hilo sio la kujadili.

Halafu ukuta wenyewe. Hapa nashauri ulete injinia aliyesajiliwa na ERB, ile bodi ya usajili wa wahandisi, aje aone kwa macho, mimi nitakwambia ninavyofanya ila saizi ya nondo atoe yeye. Ukuta mrefu bila nguzo ndo uliokuponza, kwahiyo kwa ndani tunasimamisha nguzo za zege kila baada ya mita mbili hivi, kila nguzo na kitako chake chini ya sakafu, juu ishikane na mkanda au jamvi la juu (zege la sakafu ya juu), la sivyo itasimama tu haisaidii. Kwenye ufa tunachimba vijia na grainda katikati ya maungio, tunalaza nondo zilizokunjwa ncha kukatiza vile vingazi vya pembeni, kama kushona gunia. Ule uliolala unapanuliwa kwa tindo uwe mpana ndani kuliko nje, unapulizwa vumbi, unalowanishwa, unashindiliwa saruji. Pakiwa bado panatoka maji tumia saruji ya kuganda haraka, ile inakamata ndani ya dakika tatu mpaka tano, koroga ngumi moja moja usikoroge ndoo.

Wavu na plasta ya yule fundi sasa ndo vinakuja, mwisho kabisa.

Zege Mbichi

Hiyo sio laki nane tena, hiyo ni nyumba nyingine. Mtu wa kipato cha kawaida anafanyaje?

Fundi Timazi

Anagawanya. Gata na mtaro wa juu na shimo la jirani ndo vya kwanza na ndo rahisi, na peke yake vinaweza kuondoa sehemu kubwa ya maji. Mirunda ibaki ndani. Bomba na kokoto kiangazi kinachofuata au hicho hicho akipata. Nguzo baadae injinia akishapima. Ila akitumia hiyo laki nane kwenye plasta atakuwa amenunua rangi.

Kasulu Kwetu

Na kama kiwanja kinaruhusu si bora ajenge ukuta wa mawe peke yake huko nyuma uachane na nyumba? Mawe Kigoma sio tatizo.

Fundi Timazi

Kama ana mita mbili tatu nyuma ni bora sana, tena huo ndo unauwekea matundu ya Zege Mbichi. Kitako chake kiwe nusu ya urefu wake au zaidi, ukuta wa mita mbili kitako mita moja na ushee. Kwa mtoa mada nadhani jirani yupo karibu mno.

bangwe_juu

Wakuu nimerudi, huu ni mwezi wa kumi na mbili na mvua mnaiona wenyewe.

Injinia alikuja, alikubali nguzo ila aliziongeza unene na akataka mkanda juu ufungwe na jamvi kabla ya kujaza kokoto nyuma, akasema tukijaza kabla nguzo hazijakomaa tunausukuma ukuta wenyewe kwa mikono yetu, kwahiyo mfereji ulikaa wazi na mbao zake mpaka zege likakomaa. Tulipochimba tukakuta mzee alijaza nyuma ya ukuta vipande vya tofali na mabaki ya ujenzi, ndani yake maji yalikuwa yametulia kabisa kama kisima, harufu ya sabuni. Yani bafu la jirani lilikuwa linaishi kwangu.

Bomba limetokea upande wa chini karibu na mgomba, mvua ikinyesha linatiririka mpaka saa kadhaa baada ya mvua kukata. Kioo nilichobandika kwenye ufa hakijakatika, nailoni nimeirudia imetoka kavu. Unga mweupe bado unatoka kidogo.

Fundi Timazi

Huo unga ni chumvi iliyokuwa ndani ya tofali, maji ya mwisho yanapokauka yanaiacha juu. Pangusa kwa brashi kavu usioshe kwa maji, utaiyeyusha irudi ndani. Rangi ya mafuta usipake mwaka huu, acha ukuta upumue, chokaa inatosha.

Mha wa Ughaibuni

Hongera ndugu. Weka kifuniko cha wavu kwenye mdomo wa bomba panya wasiingie kujenga humo.

Mama Naima KGM

Na mimi gata nimehamisha, kioo changu nacho kizima mpaka sasa. Swali la mwisho baba Timazi, hilo bomba lenye matundu mbona madukani Kigoma nakuta zima tu?

bangwe_juu

Mama hata mimi nililikosa, nilinunua bomba la kawaida la inji nne nikatoboa mwenyewe kwa drili, biti ya mili 8, safu mbili upande mmoja tu.

Fundi Timazi

Sawa kabisa. Ukililaza, hizo safu mbili ziangalie chini, sio juu. Maji yanajaa kwenye kokoto toka chini yanaingia bombani yakiwa bado chini ya sakafu yako. Zikiangalia juu mchanga unadondokea ndani, na maji mpaka yafike juu ya bomba ndo yaanze kuingia.

Ngoja Waje

Haya wenye pesa ya drili mmesikia. Mimi natafuta msumari wa moto.

bangwe_juu

Msumari wa moto unatoboa pia ila fanya nje, moshi wa hilo bomba ni mbaya.